Rada ya Doppler na Thamani ya Dakika Chache

Wahenga walisema kwamba dalili ya mvua ni mawingu. Usemi huo umewatumikia wakulima, wafugaji na mabaharia kwa karne nyingi, wala hakuna sababu ya kuudharau. Hata hivyo una upungufu wake. Wingu huonekana na kila mwenye macho, lakini upepo uliomo ndani yake hauonekani. Wingu moja jeusi hupita juu ya kijiji likaacha rasharasha na neema; jingine, linalofanana nalo kwa umbo na kwa rangi, huangusha upepo unaong'oa mapaa, unaopindua mitumbwi na unaoitupa chini ndege yenye uzito wa zaidi ya tani mia moja. Mtu aliyesimama chini hana njia ya kuyatofautisha mpaka ifike ile dakika ambayo kujua tofauti hakumfai tena kitu.

Mazungumzo haya yanahusu chombo kilichobuniwa ili kuona mwendo wa upepo ndani ya wingu. Chombo hicho ni rada ya Doppler. Inafaa kieleweke kwa kila mwananchi, wala kisiachwe kuwa siri ya wahandisi, kwa sababu hununuliwa kwa fedha za umma na kwa sababu faida yake yote huishia katika jambo moja: dakika chache za onyo, na namna watu wanavyozitumia dakika hizo.

TARUMBETA JUU YA GARIMOSHI

Christian Doppler alizaliwa mwaka 1803 katika mji wa Salzburg, nchini Austria. Baba yake alikuwa fundi wa kuchonga mawe. Tarehe 25 Mei 1842, akiwa mwalimu wa hisabati mjini Prague, alisoma mbele ya chama cha wanasayansi makala iliyohusu rangi za nyota. Hoja yake ilikuwa nyepesi kueleza. Kitu kinachotoa mawimbi, yawe ya mwanga au ya sauti, kikimjia mtu, mawimbi yake hubanana na kumfikia kwa wingi zaidi katika kila sekunde. Kikimwacha na kwenda zake, mawimbi hutawanyika na kumfikia kwa uchache. Kuhusu rangi za nyota Doppler alikosea, maana nyota hutofautiana rangi hasa kwa sababu ya joto lake. Lakini kanuni yenyewe ilikuwa sahihi, na ndiyo iliyobaki.

Miaka mitatu baadaye, mwaka 1845, Mholanzi mmjoja mwenye shaka na hoja hiyo ya nyota, C. H. D. Buys Ballot, aliamua kuijaribu kanuni kwa sauti. Aliwapandisha wapiga tarumbeta kwenye garimoshi karibu na mji wa Utrecht, akawasimamisha kando ya reli watu wenye sikio la muziki. Garimoshi lilipokuwa likija, noti ile ile ilisikika juu kidogo. Lilipokwisha pita, ikasikika chini. Doppler alithibitika. Jambo hilo halihitaji reli ya Uholanzi ili lieleweke. Yeyote aliyepata kusimama kando ya barabara kuu, basi likapita kwa kasi huku dereva akipiga honi, amekwisha kuisikia sauti ikishuka ghafla mara basi linapompita. Honi haikubadilika, uliobadilika ni uelekeo wa basi.

Buys Ballot huyo huyo ndiye aliyekuwa mkuu wa kwanza wa taasisi ya hali ya hewa ya Uholanzi, iliyoanzishwa mwaka 1854. Alitumia maisha yake kuchunguza upepo, lakini hakuishi kuona kwamba mchezo ule wa tarumbeta ungekuwa siku moja chombo bora cha kuupimia upepo kutoka mbali.

REDIO INAYOSIKILIZA MWANGWI WAKE

Ilibidi kwanza ipatikane rada. Tarehe 26 Februari 1935, karibu na Daventry nchini Uingereza, Robert Watson-Watt na wenzake walionyesha kwamba mawimbi ya redio yakigonga ndege hurudi, na kwamba mwangwi huo waweza kupokelewa na kupimwa. Watson-Watt alikuwa amefanya kazi ya kutafuta mahali zinapotokea ngurumo za radi kwa kutumia redio. Kwa hiyo rada ilizaliwa mikononi mwa mtu wa hali ya hewa. Vita Kuu ya Pili ikaichukua na kuifanya silaha. Katika vita hivyo askari waliokaa mbele ya vioo vya rada walikuwa wakisumbuliwa na madoa yaliyoficha ndege za adui. Madoa hayo yalikuwa mvua. Vita vilipokwisha, wanasayansi waliyageukia madoa hayo na kuanza kuyasoma. Kilichokuwa kero kwa askari kikawa elimu kwa raia.

Rada ya kawaida hujibu maswali mawili. Kwanza, mvua iko wapi? Mawimbi ya redio husafiri karibu kilomita 300,000 kwa sekunde, hivyo mwangwi kutoka umbali wa kilomita 150 hurudi katika sehemu moja ya elfu ya sekunde. Rada hupima muda huo na kuugeuza kuwa umbali. Pili, mvua ni nzito kiasi gani? Matone mengi na makubwa hurudisha mwangwi wenye nguvu, na mvua ya mawe hurudisha mwangwi wenye nguvu zaidi.

Rada ya Doppler huongeza swali la tatu: matone hayo yanakwenda wapi, na kwa kasi gani? Rada inayotumia mawimbi ya urefu wa sentimita 10 hutoa mitetemo karibu bilioni tatu kwa sekunde. Tone la mvua linalosukumwa na upepo wa mita 20 kwa sekunde kuelekea kwenye rada huurudisha mwangwi ukiwa umezidi kwa mitetemo 400 tu. Mia nne katika bilioni tatu! Ni sawa na kuhesabu punje zote za mchele katika maghala kadhaa na kugundua kwamba zimeongezeka punje chache za kiganjani. Lakini mitambo hulitambua badiliko hilo, na kutokana nalo hujua kasi ya upepo. Kwenye picha ya rada desturi imekuwa kuonyesha kwa rangi ya kijani upepo unaoijia rada, na kwa nyekundu upepo unaoikimbia.

Kuna mpaka wake, na ni vyema utajwe mapema. Rada ya Doppler huona mwendo wa kuijia na wa kuiacha tu. Upepo unaokatiza mbele yake kutoka kushoto kwenda kulia haubadilishi mitetemo, na kwa rada huonekana kana kwamba umesimama.

Kanuni hii imeenea katika maisha ya kila siku. Kile kifaa cha askari wa usalama barabarani ambacho madereva wamekipa jina la tochi, kile cha aina ya mawimbi ya redio, ni rada ndogo ya Doppler: hulipiga gari kwa mawimbi na kusoma badiliko la mwangwi. Helikopta zimekitumia chombo cha jamii hiyo kujua kasi yake juu ya ardhi. Rada za ulinzi wa anga huitumia kanuni hiyo hiyo kuitenga ndege inayokwenda na kilima kilichosimama nyuma yake. Wachunguzi wa wanyama hufuatia makundi ya ndege wanaohama usiku. Na hospitalini, ingawa pale hutumika sauti isiyosikika na sikio badala ya redio, mapigo ya moyo wa mtoto aliye tumboni husikilizwa kwa kanuni ya huyo huyo mwana wa mchonga mawe.

Lakini mahali ambapo kanuni hii imelipa deni lake kwa binadamu ni katika kazi ya kuwaonya watu juu ya upepo.

TONADO NA UPEPO UNAOPOROMOKA

Katika tambarare za Marekani hutokea tonado, yaani kimbunga chembamba kinachoning'inia kutoka winguni hadi ardhini mithili ya mkonga wa tembo. Tarehe 10 Juni 1958, katika mji wa El Dorado jimboni Kansas, rada ya Doppler ilipima ndani ya tonado upepo wa kasi ya karibu kilomita 330 kwa saa. Tarehe 24 Mei 1973, tonado ilipoupiga mji wa Union City jimboni Oklahoma, watafiti walikuwa wameielekeza rada yao huko. Walipozisoma kumbukumbu zake waligundua alama ya mzunguko iliyojitokeza juu ndani ya wingu kabla tonado haijagusa ardhi. Kijani na nyekundu zilikuwa zimesimama bega kwa bega: upepo unaokuja kando ya upepo unaokwenda. Hapo ndipo ilipofahamika kwamba onyo laweza kutangulia maafa. Katika miaka ya 1990 Marekani ikaeneza mtandao wa rada karibu 160, na katika miaka ya 2000 wastani wa onyo la tonado ukapita dakika kumi. Dakika kumi humtosha mama kuwakusanya watoto na kuwateremsha katika chumba cha chini ya nyumba.

Adui wa pili alikuwa mgumu zaidi kutambulika, na aliyemtambua alikuwa Mjapani, Tetsuya Fujita, aliyezaliwa mwaka 1920. Mwaka 1945 Fujita alikuwa mwalimu kijana katika eneo la Kokura. Tarehe 9 Agosti ya mwaka huo ndege ya Marekani iliyobeba bomu la pili la atomiki ilikuwa imeelekezwa Kokura. Lakini mji ulifunikwa na mawingu na moshi, ndege ikageukia Nagasaki. Wingu lilimponya Fujita na kuwaangamiza wengine. Baada ya vita alikwenda Nagasaki na Hiroshima kuchunguza magofu, akaona jinsi nguvu iliyoshuka kutoka juu ilivyoviangusha vitu kuelekea nje pande zote, kama miale ya jua inayochorwa na mtoto.

Aliihifadhi picha hiyo akilini. Mwaka 1953 alihamia Chicago. Mwaka 1974, alipokuwa akiruka kwa ndege juu ya misitu iliyopigwa na dhoruba, aliona miti imelala kwa mtindo ule ule wa miale. Tonado huilaza miti kwa kuizungusha, hii haikuzungushwa. Mwaka uliofuata, tarehe 24 Juni 1975, ndege ya abiria aina ya Boeing 727 ilianguka ikikaribia kutua New York katikati ya ngurumo. Watu 113 kati ya 124 waliokuwamo walikufa. Fujita alipoombwa kuichunguza ajali hiyo alitoa hoja kwamba ndani ya wingu la ngurumo hewa iliyopozwa na mvua yaweza kuporomoka kama maji yanayomwagwa kutoka kwenye ndoo, ikaigonga ardhi na kutawanyika pande zote kwa kasi kubwa. Upepo huo huchukua eneo dogo, lisilozidi kilomita nne, na hudumu dakika chache tu.

Mtego wake kwa rubani ni wa hila. Ndege ikiingia upande mmoja hukutana na upepo wa mbele, ikapata nguvu ya kupanda; rubani asiyejua hupunguza mwendo wa injini ili arudi katika njia yake. Mara ndege hufika katikati na kusukumwa chini. Mara nyingine tena hukutana na upepo wa nyuma, ambao huinyang'anya mabawa yake nguvu ya kuibeba. Yote hayo hutokea katika sekunde chache, ndege ikiwa karibu na ardhi, haina nafasi ya kushuka zaidi.

Wataalamu wengi hawakumwamini. Walisema hewa inayoshuka haiwezi kufika chini kabisa ikiwa bado na nguvu. Ubishi huo haukuamuliwa kwa maneno. Mwaka 1978 Fujita na wenzake walizipanga rada za Doppler jimboni Illinois, na mwaka 1982 karibu na Denver. Rada ziliona upepo unaoporomoka mara zaidi ya mia moja: kijani upande huu, nyekundu upande ule, na katikati mahali ambapo hewa inapasuka na kukimbia pande mbili. Kilichodhaniwa kuwa ndoto ya mtu mmoja kilikuwa jambo la kawaida.

GHARAMA YA KUCHELEWA

Ndugu wananchi, sehemu inayofuata ya historia hii ndiyo yenye fundisho kubwa kuliko zote, kwani inaonyesha kwamba kujua ni jambo moja na kutenda ni jambo jingine.

Mwezi Julai 1982, wakati utafiti wa Denver ukiendelea, ndege iliyokuwa imeruka tu kutoka New Orleans iliangushwa na upepo wa aina hiyo. Watu 153 walikufa, wanane kati yao wakiwa chini majumbani. Tarehe 2 Agosti 1985 ndege kubwa aina ya TriStar ilianguka ikikaribia Dallas. Watu 137 walikufa. Elimu ilikuwa imekwisha patikana, vitabu vilikuwa vimekwisha andikwa, lakini viwanja vya ndege havikuwa bado na chombo. Baada ya ajali ya Dallas ndipo marubani walipoanza kufundishwa kwa lazima, vyombo vya kuhisi upepo huo vikawekwa katika ndege, na ikaamriwa rada maalumu za Doppler zijengwe karibu na viwanja vikubwa.

Kazi hiyo ilikwenda polepole. Tarehe 2 Julai 1994 ndege aina ya DC-9 ilianguka huko Charlotte, jimboni North Carolina, ikijaribu kukwepa dhoruba iliyokuwa juu ya kiwanja. Watu 37 walikufa. Rada ilikuwa imepangwa kufungwa Charlotte, lakini ilikuwa bado haijafungwa; shida ya kupata kiwanja cha kuijenga ilikuwa imeichelewesha. Tangu mwaka huo, rada hizo zilipokamilika na marubani kufunzwa, mashirika ya ndege ya Marekani hayajapata tena nchini humo ajali kubwa ya abiria iliyosababishwa na upepo unaoporomoka.

Hesabu hiyo haihitaji ufafanuzi. Toka Fujita aseme neno lake hadi ajali ya mwisho ilipita miaka kumi na minane. Sayansi ilifanya kazi yake kwa miaka michache. Miaka mingine ililiwa na ubishi, bajeti na hati za viwanja. Hilo lilitokea katika nchi tajiri kuliko zote. Nchi isiyo na mali ya kupoteza ina sababu kubwa zaidi ya kutoupoteza wakati.

UPEPO HUO HUO JUU YA ZIWA

Upepo unaoporomoka hauchagui ndege peke yake. Hewa ile inayoigonga ardhi na kutawanyika, ikiangukia maji, huinua mawimbi kwa dakika chache na kumkuta mvuvi katika mtumbwi. Ndiyo maana historia ya New York na Dallas inaihusu Mwanza, Musoma na Bukoba.

Ziwa Victoria lina ukubwa wa karibu kilomita za mraba 68,800, na karibu nusu yake imo Tanzania. Mchana ardhi hupata joto upesi kuliko maji, hivyo upepo huvuma kutoka ziwani kwenda nchi kavu na mawingu ya ngurumo hujijenga juu ya vilima vinavyolizunguka. Usiku mambo hugeuka. Ardhi hupoa, maji hubaki na joto, na upepo kutoka pande zote za nchi kavu huteremka na kukutana katikati ya ziwa. Hewa iliyokutana haina pa kwenda ila juu, na huko juu hufanya mawingu ya ngurumo usiku wa manane na alfajiri. Saa hizo ndizo saa za kazi kwa mvuvi wa dagaa, ambaye huwasha taa yake katika usiku wa giza usio na mbalamwezi ili samaki wazifuate nuru. Hivyo maumbile na riziki vimempangia mtu huyu miadi na dhoruba katika saa ambazo hawezi hata kuliona wingu.

Makadirio yanayotajwa mara kwa mara husema kwamba watu kati ya 3,000 na 5,000 hufa kila mwaka katika ziwa zima, upande wa Tanzania, Kenya na Uganda. Hesabu kamili ni ngumu kupatikana, kwa sababu mvuvi anayezama usiku mara nyingi haandikwi katika kitabu chochote. Ndege ikianguka, dunia nzima husikia siku hiyo hiyo. Mitumbwi ikipinduka mmoja mmoja kwa mwaka mzima, wanaosikia ni wajane.

Tanzania haikukaa bure mbele ya tatizo hilo. Baada ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya awali kuvunjika mwaka 1977, na idara ya pamoja ya hali ya hewa kwisha pamoja nayo, kila nchi ililazimika kujenga upya huduma yake. Wakala wa hali ya hewa ulianzishwa mwaka 1999, na kwa sheria ya mwaka 2019 ukawa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania. Rada ya Dar es Salaam ilitangulia, ikafuata ya Mwanza yenye kulitazama ziwa, kisha Mtwara na Mbeya; na mpango wa taifa umekuwa wa mtandao wa rada saba, zikiwemo za Kigoma, Dodoma na Kilimanjaro. Mradi wa nchi za ziwa ulioanza mwaka 2017 chini ya uratibu wa Shirika la Hali ya Hewa Duniani uliitumia rada ya Mwanza katika kazi ya kuwaonya wavuvi, na wavuvi wenyewe walishirikishwa kueleza ni onyo la namna gani linalowafaa.

MAMBO MATATU YA KUZINGATIWA

Kuwa na rada, hata hivyo, ni mwanzo wa safari. Yapo mambo matatu ambayo yasipozingatiwa, rada itabaki kuwa mnara mzuri juu ya kilima.

Jambo la kwanza ni mipaka ya chombo chenyewe. Mawimbi ya rada husafiri karibu katika mstari ulionyooka, lakini dunia ni mviringo. Kutoka Mwanza hadi Bukoba ni kama kilomita 180 kwa njia ya angani. Wimbi la rada lililoinuliwa nusu digrii, likifika juu ya Bukoba, huwa limekwisha panda zaidi ya kilomita tatu kutoka usawa wa rada. Mvua iliyo juu italiona. Upepo unaotambaa juu ya maji halitauona. Vilima navyo huziba. Kwa hiyo wananchi wasiambiwe kwamba rada moja inatosha ziwa zima, na nchi tatu zinazolimiliki ziwa hazina budi kupeana picha za rada zao bila kuchelewa, maana dhoruba haina pasi wala haisimami mpakani.

Jambo la pili ni watu na fedha. Rada huzunguka mchana na usiku katika joto, vumbi na radi. Huhitaji umeme usiokatika, vipuri na mafundi wanaoweza kuitengeneza bila kungoja mgeni apande ndege. Huhitaji pia mtaalamu wa zamu anayeweza kuisoma picha saa tisa za usiku na kutoa onyo kwa jina lake. Bajeti inayonunua chombo na kusahau matunzo ni sawa na kununua ng'ombe wa maziwa bila kupanda majani.

Na katika fedha, neno lenyewe rada lina kovu katika masikio ya Watanzania. Mwaka 2010 kampuni ya BAE Systems ya Uingereza ilikiri mahakamani kosa la kutotunza hesabu sahihi kuhusu mauzo ya rada ya kuongozea ndege kwa Tanzania, na Paundi milioni 29.5 zikarejeshwa kwa manufaa ya wananchi, zikanunua vitabu na madawati ya shule. Rada ile ilikuwa ya kazi nyingine, lakini fundisho lake ni la rada zote: chombo cha umma kinunuliwe mchana kweupe. Bei ikiwa siri, hata chombo chema hupoteza imani ya watu, na onyo lisiloaminiwa haliokoi mtu.

Jambo la tatu, ambalo ni kubwa kuliko yote mawili, ni mvuvi mwenyewe. Mtaalamu aliyeko Mwanza ameiona dhoruba ikijijenga. Ana dakika arobaini, pengine saa moja. Onyo litamfikiaje mtu aliye kilomita ishirini ndani ya maji, mwenye simu iliyofungwa katika mfuko wa nailoni na mtandao unaokuja na kutoweka? Litatolewa kwa lugha gani? Maneno ya ofisini kuhusu uwezekano wa mvua za wastani hayamsaidii anayetaka kujua jambo moja: atoke au asitoke usiku huu? Redio za mikoani, viongozi wa mialo, bendera inayopandishwa jioni ikaonekana na kila mtu: hizo ndizo sehemu za mwisho za rada, ingawa hazionekani katika michoro ya wahandisi.

Tena onyo lina gharama yake kwa anayelisikia. Mvuvi aliyekopa mafuta ya injini, akikaa ufukoni usiku mmoja kwa kulitii onyo, hulala na deni. Akitii mara tatu na dhoruba isije, mara ya nne atatoka. Hatakuwa mkaidi, atakuwa amefanya hesabu yake kwa taarifa aliyopewa. Kwa hiyo mtabiri anapaswa kusema kweli kuhusu uhakika wake, arudi kesho kueleza kilichotokea, akiri alipokosea. Na wenye vyombo, ambao mara nyingi hulala nchi kavu wakati vijana wao wako majini, wasimlazimishe mtu kutoka usiku ambao bendera iko juu, wala wasimpeleke kazini bila jaketi la kujiokoa. Jaketi hilo ni chombo duni mbele ya rada, lakini ndilo linalomngojea mvuvi pale ambapo rada imekwisha maliza kazi yake.

Ndugu wananchi, rada haizuii dhoruba. Haijapata kuzuia hata moja. Inachofanya ni kumpa binadamu dakika ambazo hapo zamani hakuwa nazo. Huko Charlotte dakika hizo zilikosekana kwa sababu kiwanja cha rada kilikuwa hakijapatikana. Ziwani zinaweza kupatikana, zikahesabiwa vizuri na kuandikwa kwenye kioo, kisha zikapotelea njiani kati ya mnara wa Mwanza na mtumbwi wa mvuvi wa Ukerewe. Mvuvi huyo hatauona mnara wala hatajua jina la Doppler. Yeye atalitambua taifa lake kwa bendera iliyopandishwa kabla hajasukuma mtumbwi, na kwa alfajiri atakayoamka nyumbani, akasikia mvua ikipiga bati, na kumhesabu kila mtoto wake.